Bibi Salme: Sindano ya Mama, Hatamu za Kaka

Watu wengi wa siku hizi wakisikia habari za kupanda farasi kwa madaha, na za nguo maalumu za kupandia zilizotiwa nakshi, fikira zao huenda bara moja kwa moja. Huwakumbuka walowezi wa zamani waliokaa baina ya Ruiru na Thika. Huko Juja, jirani na Kalimoni, Mmarekani William Northrup McMillan alikuwa na shamba kubwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, na mwaka 1909 alimkaribisha hapo Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani akaja kuwinda. Wageni wale walikuwa watu wa farasi, wa matandiko ya ngozi na mabuti marefu. Basi yakawa mazoea kudhani kwamba mambo hayo yaliingia Afrika ya Mashariki pamoja nao.

Lakini watu wa pwani wanayo hadithi iliyotangulia hiyo. Zaidi ya miaka hamsini kabla Roosevelt hajafika Juja, walikuwapo Unguja watoto waliofundishwa kupanda tangu umri wa miaka mitano, nao walivaa nguo zilizokatwa, zikashonwa na kudariziwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Mmoja wao alikuwa Sayyida Salme binti Said. Jina lake si geni katika baraza zetu, lakini mara nyingi hutajwa kwa jambo moja tu, nalo ni kutoroka kwake. Leo, msomaji, tumtazame kwa upande mwingine, upande wa kazi za mikono. Maisha ya bibi huyu yalipita baina ya vitu vitatu: sindano ya mama yake, hatamu alizoshikishwa na kaka yake, na kalamu aliyojifunza kuishika bila ya kufundishwa na mtu.

KASRI LA MTONI

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Mtoni, ukingoni mwa bahari, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, yeye aliyeifanya Unguja kuwa makao yake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Vita viliikumba nchi ya mama huyo angali mtoto mdogo, wazee wake wakauawa, naye akachukuliwa akauzwa mbali na kwao. Aliingia katika nyumba ya Sayyid Said akiwa ndio kwanza anang'oka meno ya utoto. Akalelewa pamoja na mabinti wa mfalme waliokuwa rika lake, akasoma pamoja nao, na pamoja nao akajifunza sindano.

Sindano hiyo ndiyo mali aliyobaki nayo Jilfidan maisha yake yote. Hakuwa na ndugu, hakuwa na nchi ya kurudi, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Salme alipokuja kumweleza mama yake, miaka mingi baadaye, alimsifu kwa upole, kwa kuwahudumia wagonjwa, na kwa ustadi wake katika kila kazi ya mkono.

Mtoni ya wakati huo ilikuwa kama mji mzima. Masuria, watoto, watumishi na watumwa walikaa chini ya mapaa yale kwa mamia, na ndani ya ua mmoja vilisikika Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili na Kihabeshi. Kila taifa lilikuwa na pishi lake na namna yake ya kusuka nywele, lakini wote walikutana katika jambo moja, nalo ni kushona.

NGUO ZA NYUMBANI

Ifahamike kwamba katika utoto wa Salme cherahani haikuwa imefika katika nyumba zile. Huko Marekani, Isaac Singer alipata hati ya uvumbuzi wa cherahani yake mwaka 1851, na ilichukua muda mrefu hata mashine hizo zikasikika katika vichochoro vya Unguja na Mombasa. Basi mavazi yote ya kasri yalishonwa nyumbani kwa mkono, mshono baada ya mshono.

Vitambaa ndivyo vilivyotoka mbali. Hariri, atlasi na mahameli zililetwa na vyombo vya kaskazi kutoka Bara Hindi na Ghuba, na merikebu za Ulaya nazo zilileta zao. Marikani, kitambaa kile kizito cha pamba, kilitoka Massachusetts kwa majahazi ya wafanya biashara wa mji wa Salem, hasa baada ya Sayyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Jina la kitambaa hicho mpaka leo latukumbusha kilikotoka. Na tukiwa hapo tusisahau kwamba farasi nao walikuwamo katika urafiki huo. Mwaka 1840, miaka minne kabla ya Salme kuzaliwa, Sayyid Said aliituma merikebu yake Sultana mpaka New York, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, ikiwa na zawadi kwa Rais wa Marekani, na miongoni mwa zawadi hizo walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Kwa hiyo Wamarekani walipata farasi kutoka Unguja kabla ya walowezi wao kuleta wa kwao Juja.

Mkato wa nguo za mabibi wa kasri ulikuwa mwepesi: kanzu iliyofika kwenye kifundo cha mguu, suruali ndani yake, na leso ya kichwani. Tajiri na maskini walivaa mkato ule ule. Tofauti ilikuwa katika kitambaa na katika darizi, na hapo ndipo mtu alipojulikana ni nani na ametoka nyumba gani. Kifua, mikono na pindo za suruali zilijazwa nakshi za hariri na zari. Barakoa ya uso ilitiwa mkanda wa dhahabu au wa fedha, na shela jeusi la hariri, ambalo kwa mbali laonekana kama kiza kitupu, pembeni mwake liling'ara kwa kazi ya zari.

Wale wanaoijua kazi hii watakubali kwamba haina mkato. Uzi wa zari ni mkakamavu, kwa sababu ni uzi uliozungushiwa ukanda mwembamba wa madini. Ukiupitisha katika kitambaa kama uzi wa kawaida utachubuka na kukatika. Kwa hiyo hulazwa juu ya kitambaa kwa kufuata mchoro, kisha hufungwa chini kwa vishono vidogo vya uzi wa hariri ambavyo jicho halivioni. Mkono ukitetemeka mara moja, ua zima hupotoka. Lasi nayo ilifumwa juu ya mto, nyuzi nyingi zikipishanishwa kwa vidole mpaka utokee mkanda wa kutia kwenye pindo. Katika nchi za Ghuba kazi inayofanana nayo huitwa talli, na mwaka 2022 UNESCO iliiweka talli ya Umoja wa Falme za Kiarabu katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mabibi wa Unguja walikuwa wakiifanya kazi kama hiyo vibarazani zamani, bila ya kujua kwamba siku moja ingehitaji kuhifadhiwa.

Ilipokaribia Idi nyumba nzima iligeuka karakhana. Watu walikesha taa zikiwaka, na kila bibi alificha vazi lake asilione mwenziwe kabla ya siku yenyewe, kwani fahari ilikuwa kutokea na kitu ambacho hapana mwingine aliyekiwaza. Asubuhi ya Idi ndipo siri zote zilipofunuliwa.

Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Si kila mkono ulioshika sindano katika kasri ulikuwa mkono huru. Wajakazi wengi walishona na kudarizi mavazi ambayo wao wenyewe wasingeyavaa kamwe, na hapana pindo hata moja lililoandikwa jina la aliyelifanya. Mama yake Salme mwenyewe aliingia katika nyumba ile kwa kuuzwa. Fahari ya Mtoni ilisimama juu ya vidole vya watu wasiotajwa.

FARASI NA PUNDA WA MASKATI

Sayyid Said alipenda farasi, na aliwataka watoto wake wote, wa kiume na wa kike, wajue kupanda. Mtoto akitimiza miaka mitano alianza kufundishwa, asubuhi na jioni, mpaka aweze kukaa juu ya mnyama bila ya hofu. Aliyefuzu alipewa mnyama wake mwenyewe. Wavulana walichagua farasi katika mazizi ya baba yao. Wasichana walipewa punda weupe wa Maskati, wakubwa na wepesi wa mwendo, ambao bei yao mara nyingi ilishinda bei ya farasi wa kawaida. Pamoja na mnyama walipewa matandiko yake kamili na mapambo yake.

Watu wa Lamu, ambao hushindanisha punda zao wakati wa Maulidi, hawahitaji kuelezwa furaha ya jambo hili. Jioni, jua likipungua ukali, watoto wa mfalme walitoka kwa makundi, nguo zao za darizi zikipepea, matandiko yakimetameta, na wapita njia wakasimama pembeni kutazama. Ilikuwa ni mazoezi, na pia ilikuwa ni maonyesho, kwani kila nyumba ilipimwa kwa namna ilivyomvisha mpandaji na mnyama wake.

Salme alikuwa shujaa juu ya tandiko. Siku moja, wakishindana mbio na mmoja wa kaka zake, mbele yake ulitokea mnazi ulioinama ukakata njia sawasawa na paji la uso wake. Hapakuwa na nafasi ya kuvuta hatamu. Alijitupa nyuma akalala juu ya mgongo wa mnyama, mti ukapita juu yake, akasalimika. Mtoto wa namna hiyo si mtoto wa kukalishwa kibarazani na mto wa lasi.

Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi, mama yake alihama naye kwenda Beit el-Watoro, mjini, kukaa na Sayyid Majid, ndugu yake mkubwa kwa baba. Majid alimpenda sana dada yake huyu mdogo. Alimfundisha kupanda vizuri zaidi, kupiga shabaha na kucheza silaha, mambo ambayo mama mtu hakuyajua na yalimtia hofu kila alipoyaona. Jilfidan, fundi wa sindano, alijikuta ana binti anayependa zaidi bunduki na mjeledi kuliko kastabini. Salme mwenyewe alikuja kukiri kwamba kazi za mkono hazikumvutia, na kwamba ushonaji na ufumaji wa lasi aliufanya kwa kulazimishwa.

Lakini iko kazi moja ya mkono aliyoipenda, nayo alikatazwa. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hapana. Salme akajifunza kwa siri, akiiga herufi moja moja kutoka katika Msahafu na kuzichora juu ya mfupa wa bega la ngamia, kama ilivyokuwa desturi ya wanafunzi. Subira ile ile ambayo mama yake aliitia katika uzi, yeye aliitia katika wino. Kalamu hiyo ndiyo iliyomtia katika balaa la kwanza la maisha yake.

SHELA LILILOVUKA BAINA YA ASKARI

Sayyid Said alifariki dunia baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Oman. Majid akashika ufalme wa Unguja. Baada ya miaka mitatu hivi Jilfidan naye alikufa kwa kipindupindu, na Salme, mwenye umri wa miaka kumi na tano, akabaki bila ya baba na bila ya mama.

Mwaka ule ule wa 1859 Sayyid Barghash alifanya njama za kumpindua ndugu yake. Dada yao Khole alikuwa upande wa Barghash, na kwa kumpenda Khole, Salme naye akaingia. Kwa kuwa ndiye aliyejua kuandika, alifanywa karani wa njama. Barua zilizotoka usiku zilitoka mkononi mwake, na kinyume chake alikuwa Majid, kaka yule yule aliyemshikisha hatamu.

Njama zilipogunduliwa, nyumba ya Barghash ilizungukwa na askari. Ndipo mabibi walipoamua kwenda wenyewe usiku, wakiongozwa na Khole na Salme. Askari hawakuthubutu kuwazuia mabinti wa Sayyid Said, wakawaacha waingie. Huko ndani Barghash alivikwa mavazi ya kike, akafunikwa shela jeusi lenye kazi ya zari mpaka yakabaki macho tu, akatoka miongoni mwa wanawake, akapita mbele ya mitutu ya bunduki bila ya kutambuliwa. Pindo la dhahabu lililoshonwa kwa ajili ya kuonyesha heshima ya mwanamke ndilo lililomfunika mwanamume aliyekuja kuwa mfalme.

Uasi ule haukufaulu. Wafuasi wa Barghash walishindwa kwa msaada wa Waingereza, naye akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme, lakini kumuunga Majid tena kuliwachukiza wale aliokuwa nao zamani. Akawa mtu wa katikati, asiyeaminiwa huku wala kule. Kwa muda alikaa katika mashamba ya Kisimbani na Bububu, kisha akarudi mjini.

USIKU WA SIKU YA MWAKA

Huko mjini jirani yake alikuwa kijana wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya Hansing ya Hamburg. Nyumba zilikuwa karibu karibu, mapaa yakitazamana. Yaliyofuata watu wa pwani wanayajua. Salme akashika mimba, na hatari ya jambo hilo kwa binti wa Sultani haikuhitaji kuelezwa.

Mwezi wa Agosti 1866, usiku wa kuogea Siku ya Mwaka, wakati wanawake wote wa mji walipokuwa wakishuka pwani kama ilivyo mila, Salme alishuka pamoja nao. Wenziwe waliingia baharini wakatoka. Yeye aliingia mashua, akapelekwa katika manowari ya Kiingereza Highflyer, ikatweka kwenda Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume aliyekufa angali mchanga. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa, akapewa jina la Emily, na siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete aliyekuwa amemfuata. Safari ya Hamburg ikaanza.

Hapo ndipo wengi wa kwetu walipomfunga katika mioyo yao, na kwa Mwislamu jambo hilo ni zito, hatuwezi kulipunguza uzito wake. Hukumu ni ya Mwenyezi Mungu. Sisi tutakalosema ni lile lililoonekana duniani: kwamba barua zake, zilizochapwa muda mrefu baada ya kufa kwake, zimejaa dhiki ya mtu aliyekatwa na kwao, na ambaye yale aliyoyapata hayakuziba pengo la yale aliyoyaacha.

HAMBURG

Wanawake wa Ulaya wa miaka ile walivaa mavazi ya kubana kiuno, yaliyotandazwa chini kwa sketi pana, na kofia na glavu juu yake. Mtu aliyezoea kanzu ya hariri na hewa ya bahari alijiona kama amefungwa. Salme alijifunza kuvaa hivyo, kama alivyojifunza Kijerumani na baridi. Lakini ziko picha zilizopigwa Hamburg, yapata mwaka 1868, zinazomwonyesha amevaa nguo za kwao: kanzu ya nakshi, suruali, leso kichwani na vito. Watu wengi wameziona picha hizo katika vitabu, na zimekuwa ndizo sura yake kwa dunia. Watazamaji wengi huuangalia uso. Mwenye jicho la fundi huangalia pia mshono, kwani hapo ndipo mkono wa Unguja ulipofika Hamburg.

Walizaliwa watoto watatu, Antonie, Said na Rosalie. Mwezi wa Agosti 1870 Ruete alianguka aliposhuka katika gari la abiria la kukokotwa na farasi, likamkanyaga, akafa baada ya siku chache. Mwaka ule ule Majid alifariki Unguja, na Barghash, yule aliyeokolewa kwa shela, akawa Sultani. Salme alikuwa mjane wa miaka ishirini na sita tu, ana watoto wadogo watatu, katika nchi ngeni. Mali yake ilimwishia. Alihama mji hata mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta maisha ya gharama ndogo, na kwa muda alifundisha lugha ya Kiarabu ili apate chochote.

Barghash hakumsamehe. Mwaka 1875, Sultani alipozuru London, Salme alisafiri mpaka huko kutaka kuonana naye, lakini wakuu wa Kiingereza walimzuia kwa ahadi ambazo hazikutimizwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani, wakati serikali ya Bismarck ilipokuwa ikimshurutisha Sultani juu ya ardhi ya bara. Wajerumani walimtumia kama karata, na kazi ilipokwisha wakamweka kando. Barghash alikataa hata kumwona. Mwaka 1888, baada ya Barghash kufa, alijaribu tena, akaondoka mikono mitupu.

KALAMU ILIPOSHONA

Katikati ya miaka hiyo ya dhiki ndipo alipokitoa kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapwa Berlin mwaka 1886. Aliandika kwa ajili ya watoto wake, ili wajue wametoka wapi, na kitabu hicho huhesabiwa kuwa miongoni mwa maandishi ya kwanza kuchapwa ya mwanamke wa Kiarabu akieleza maisha yake mwenyewe.

Na ndani ya kitabu hicho, msomaji, yamo mambo ya ajabu. Yule msichana aliyekimbia kazi ya sindano ndiye aliyetuhifadhia habari zake. Ameeleza kanzu ilivyokatwa, suruali ilivyopambwa, barakoa na shela, mikesha ya kushona kabla ya Idi, punda wa Maskati na matandiko yao. Mama yake alizijua kazi hizo kwa vidole na hakuacha hata mstari. Binti alizijua kwa macho, akaacha kurasa. Lau si kalamu ile iliyofundishwa na mfupa wa ngamia, ustadi wa Jilfidan ungalikufa pamoja naye mwaka 1859.

Hata hivyo kitabu kina dosari, na hatutaificha. Salme aliutetea utumwa, akadai kwamba Wazungu hawakuuelewa. Aliandika hivyo huku mama yake mwenyewe akiwa mtoto aliyeibwa. Kwa sababu ya maneno hayo, uwanja mmoja wa Hamburg uliopewa jina lake mwaka 2019 uliamuliwa mwaka uliofuata uvuliwe jina hilo. Ametuachia majina ya ndugu zake kadha wa kadha, wafalme na mabibi, lakini mafundi waliotia zari katika mavazi yao hawakupata nafasi hiyo. Jicho lake liliona pindo, na mara nyingi halikumwona aliyelipinda.

MCHANGA WA UNGUJA

Baada ya safari ya mwaka 1888 hakutaka tena kukaa Ujerumani. Aliishi Jaffa na Beirut kwa zaidi ya miaka ishirini, mahali ambapo angalau adhana ilisikika na Kiarabu kilizungumzwa sokoni. Mwaka 1914 alirudi Ujerumani kwa watoto wake. Mwaka 1923 Sultani Khalifa bin Harub alimpangia posho ndogo, na hiyo ikawa ishara ya kwanza ya upatanisho kutoka kwao, baada ya miaka hamsini na saba. Hakuifaidi muda mrefu. Tarehe 29 Februari 1924 alifariki katika mji wa Jena, akiwa na miaka sabini na tisa, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, karibu na mumewe. Katika vitu vyake kulikutwa kifuko kidogo chenye mchanga wa pwani ya Unguja, nacho kikatiwa pamoja naye kaburini.

Jumba la makumbusho la kasri la Unguja lilipofunguliwa mwaka 1994, chumba kimoja kilitengwa kwa habari zake. Mtoni yenyewe imebaki magofu, kuta zilizopasuka mbele ya bahari. Mazizi hayapo na farasi hawapo. Zari iliyofumwa pale imetawanyika au imeoza.

Wazee wanasema mwacha mila ni mtumwa. Maisha ya Salme yatuonyesha upande wa pili wa methali hiyo: aliiacha nyumba, aliliacha jina, aliiacha na dini, lakini mila haikumwacha yeye. Ilimfuata mpaka katika picha za Hamburg, mpaka katika kurasa za Berlin, mpaka katika kifuko cha mchanga. Na pia yatupa onyo. Katika nyumba zetu za Lamu, Mombasa, Tanga na Unguja wako bado mama wanaojua kudarizi kofia na kanzu kwa mkono, kuhesabu vitobo bila ya kutazama, na kuchora ua bila ya karatasi. Wengi wao wanafanana na Jilfidan: wanajua kwa vidole, na hapana mtu aliyewauliza. Mwenye mama au bibi wa namna hiyo na akae naye jioni moja, ajifunze jina la kila mshono, ayaandike, na juu ya yote aliandike jina la mshonaji. Kazi hiyo haihitaji kasri wala farasi. Yahitaji kalamu, na mtoto wa kuishika.